Pini Nane za Buluu

Dada yangu tulioachiana ziwa,

Anayekuandikia ni kaka yako, mwenye miaka sabini na moja, na meno kumi na manne ambayo yote ni yangu mwenyewe. Nimewapita mameneja watano, mabomba mawili ya moshi niliyoyaona yakijengwa na nikayaona yakibomolewa, mke mmoja mwema, na daktari aliyeniapia kwamba nisipoacha tumbaku sitafika hamsini. Daktari nilimzika mimi, na tumbaku ilikuwa mfukoni. Nakueleza haya ujue kwamba mkono unaoandika bado una nguvu na kichwa bado kimekaa mahali pake, ili ukifika huko mbele usije ukasema masikini kaka, uzee umemwingia.

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini magoti yamepunguza kukusumbua, na lile paa la jikoni halivuji tena baada ya mwanao kupanda juu. Msalimie mkamwana wako na wajukuu, hasa yule mdogo anayeniita babu kelele. Mimi ni mzima wa mwili. Mwandiko wangu unaujua. Nilijifunza kuandika kwa kuandika juu ya masanduku, ndiyo maana herufi zangu ni kubwa utadhani zinataka kusomwa kutoka ng'ambo ya barabara. Najua pia kwamba macho yako hayakubali tena karatasi, na anayekusomea ni mwanao, mpwa wangu. Basi asome polepole, na asinicheke.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Umeniandikia kwamba mwanao tangu afukuzwe kazi karakana amekaa kwako anaziba pancha za baiskeli, hasemi, hacheki, akiulizwa anasema ni bahati tu, mama. Ukaniomba mimi, kwa kuwa ni mtu mkubwa kiwandani na neno langu halianguki chini, nikamsemee kwa wakubwa. Umeandika kwamba huna mwingine wa kumtegemea zaidi ya mimi. Hiyo barua nimeivaa wiki tatu kwenye mfuko wa koti la kazi, na koti limekuwa zito. Leo nakujibu. Lakini ili unielewe lazima nianzie mbali kidogo, na univumilie, maana unajua mimi hadithi naipakia kama lori, vizito chini kwanza.

Unakumbuka stoo yangu. Ulikuja mara moja ukaiona, ukasema mji mzima ungeweza kujificha humo. Miaka arobaini na moja nimeitunza. Kiwanda chetu kinatengeneza matela makubwa ya kumwaga mawe na mchanga, na hakuna bolti iliyoingia kwenye tela bila kupita mkononi mwangu. Mimi si mtu wa kujisifu, lakini walinistaafisha mara moja, na wiki ya pili wakatuma gari nyumbani kunifuata kwa sababu hakuna aliyeweza kupata kitu. Nilikuwa na akiba ya nusu mwaka ya kila aina. Lori lichelewe, barabara ikatike, mvua inyeshe mpaka vyura wachoke, laini yetu ya kuunganishia matela haikusimama hata siku moja. Mafundi waliniita Mzee Stoo, na nilikuwa napenda.

Miaka miwili iliyopita akaja meneja mpya wa uzalishaji, mama mfupi, mkavu, mwenye saa ya kuning'inia shingoni kama refa wa mpira. Tukampachika jina Bi Saa. Huyu akaleta mtindo wake. Kiwanda kisiweke akiba. Kila kitu kije siku yake, saa yake na idadi yake, kitoke kwenye lori kiende moja kwa moja kwa fundi. Kila sanduku la pini lina kadi yake. Sanduku likiisha, kadi inarudi na dereva wa lori kwenye karakana inayotutengenezea pini, na ile kadi ndiyo oda ya sanduku jingine. Kadi isiporudi, pini haziji. Nilimwambia mbele ya watu kwamba huku ni kununua chumvi kwa punje. Watu wakacheka mpaka mchomeleaji mmoja akavua miwani kujifuta machozi. Bi Saa naye alicheka, kisha akanikumbusha mbele ya watu haohao kwamba katika stoo yangu alikuta bolti za tela ambalo tuliacha kulitengeneza miaka tisa nyuma, na panya waliozeeka humo wakiwa na wajukuu. Watu wakacheka zaidi. Hicho kicheko cha pili sikukisahau.

Wakaisafisha stoo. Siku nne foklifti ilitoa vitu vyangu, vingine vikauzwa, vingine vikaenda kwenye chuma chakavu. Wakaniachia meza, daftari, na funguo kumi na saba za kufungulia hewa. Kazi yangu ikawa kusimama mlangoni saa mbili asubuhi, kupokea lori, kuangalia kadi na kuangalia rangi. Rangi ni hivi: kila wiki ina rangi yake, njano, kijani, nyeupe, buluu, na pini zote za wiki hiyo zinatiwa rangi kichwani huko karakana, ili ikitokea kasoro ijulikane ni za lini na nani alizipima.

Na aliyezipima, dada, unamjua. Mimi ndiye niliyempeleka mwanao karakana ile akiwa hajaota ndevu vizuri, na kazi yake ya kupima pini niliitangaza mtaa mzima kana kwamba nimeifanya mimi. Anachukua pini, anaibana kwenye mashine ya kupima ugumu, anasoma namba, anaandika. Wenzake walimpa jina Rula, kwa sababu hata chai alikuwa anaipima sukari. Pini hizo si kitu cha mchezo. Ndizo zinazoshika kitanda cha tela kinaponyanyuliwa kumwaga mzigo. Kila tela lina pini mbili, nene kama kifundo cha mkono wangu. Chuma chake hupikwa mpaka kiwe chekundu, kisha hutumbukizwa kwenye mafuta, na mafuta yakiwa mabaya chuma hubaki laini ndani, ingawa kwa macho ni kilekile.

Sasa nakuja kwenye mambo niliyoyaficha.

Kabla stoo haijasafishwa, mwanao aliandika barua rasmi kiwandani kwamba pini arobaini na nane zimetoka vibaya kwenye mafuta, tuzitoe tuzitupe. Nilikasirika, dada. Mtu niliyemfundisha kufunga viatu ananiandikia barua ya muhuri kunifundisha chuma! Nilichukua nyundo nikazigonga moja moja, nikasikiliza. Mimi chuma nakijua kwa mlio, kila mtu pale alijua hivyo, nilikuwa nawaambia kila siku. Nikaona zinalia vizuri. Nikatia sahihi kwenye karatasi kwamba zimekwenda kwenye chuma chakavu, nikazifunga kwenye gunia la nyaya, nikaziweka nyuma ya mapipa ya grisi ambako hata panya wangu hawakuwa wanakwenda. Stoo iliposafishwa, gunia halikuguswa. Nikawa nalipita kila asubuhi na kujisikia tajiri. Nilikuwa nangoja siku mtindo wa Bi Saa utakapoaibika.

Siku ikaja wakati wa mvua zile kubwa. Ilikuwa wiki ya buluu. Saa mbili lori halikufika, saa tatu halikufika, simu ikaja kwamba kalvati limebebwa na maji na lori limekwama upande wa pili. Laini ilikuwa na matela manne yanayongoja pini. Nyapara wa laini, yule mnene anayeongea kama anafukuza kuku, akaanza kuzunguka akimwuliza kila mtu sasa tunafanyaje. Bi Saa akaja, akaangalia saa yake, akasema laini isimame. Aliwaeleza watu kwa utulivu kabisa kwamba kusimama si aibu, kwamba tukisimama tutaona ni wapi mpango wetu una tundu, tutaziba na kuendelea. Mimi niliposikia kusimama si aibu, damu ilinipanda. Miaka arobaini na moja! Nikamwambia Nyapara aningoje dakika ishirini.

Nilikwenda nyuma ya mapipa nikatoa pini nane. Hazikuwa na rangi, maana ni za kabla ya mambo ya rangi. Nikaenda kwa wapaka rangi nikachota buluu kwenye kikopo cha maziwa, nikachukua brashi yangu ya kuandikia masanduku, nikazipaka vichwa zote nane, nikazipuliza kwa hewa ya mashine mpaka zikakauka. Kisha nikazisukuma kwenye toroli mpaka kwenye laini nikiimba. Nikawaambia lori la jana lilishusha sanduku la ziada likasahaulika pembeni. Bi Saa aliuliza kadi yake iko wapi. Nikasema foklifti ilikanyaga ikachanika. Akaniangalia kidogo, akaandika kwenye daftari lake. Laini haikusimama. Nyapara alinikumbatia akaninyanyua, mafundi wakagonga vyuma, mmoja akapiga kelele kwamba Mzee Stoo apewe kiwanda. Dada, sitakudanganya, ilikuwa asubuhi nzuri kuliko nyingi katika maisha yangu. Lori lilipofika saa nane mchana nililipokea kwa dharau.

Wiki sita baadaye, kwenye machimbo ya mawe, pini moja ilikatika kitanda kikiwa juu. Kitanda kilishuka upande mmoja na dereva alikuwa amesimama pale. Amepona, lakini mguu wa kulia haukurudi kuwa mguu.

Wakayarudisha matela yote ya wiki ya buluu, wakazipima pini zote. Saba nyingine zilikuwa laini, zote za lile sanduku lisilo na kadi. Wakafungua daftari la mwanao. Lilionyesha kwamba kila pini ya wiki ile ilipimwa na ilikuwa ngumu. Wakasema basi ameandika namba bila kupima, ameachia sanduku zima lipite. Naye alikuwa na neno moja tu, kwamba yeye alipima. Mwenye karakana aliogopa kukosa kazi ya kiwanda chetu, akamfukuza, na habari zikasambaa kwamba Rula ndiye aliyemvunja mtu mguu. Tangu hapo hakuna karakana iliyompokea.

Mimi nilikuwepo kwenye kikao walichomhoji. Nilikaa kiti cha tatu kutoka mlangoni. Sikusema kitu.

Kipande cha pini kiliwekwa mezani, kile chenye kichwa. Mwanao aliomba akishike. Alikigeuza kuelekea dirishani, akalowesha kidole gumba akapitisha juu ya rangi. Kisha akakirudisha mezani taratibu kama kitu kinachoweza kuamka, wala hakuongeza neno. Wote walidhani amekubali kosa.

Kesho yake alasiri alikuja chumbani kwangu. Alikaa pembeni ya kitanda, akaniuliza hali, akaniuliza mgongo. Halafu akaniuliza, mjomba, ile brashi yako ya kuandikia masanduku bado unayo? Nikamwambia nilishaitupa siku nyingi, nywele zilikwisha. Dada, brashi ilikuwa dirishani nyuma yangu, kwenye kikopo cha maziwa, na buluu yake imekauka. Aliiangalia, akaniangalia mimi. Akasema sawa mjomba. Akaomba maji, akanywa yote, akaniambia nijitunze, akaenda zake.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Kule karakana hawapaki kwa brashi. Wanachovya kichwa cha pini kwenye kopo la rangi, na rangi inakaa laini kama ngozi ya yai. Ile ya mezani ilikuwa na michirizi ya nywele za brashi. Wakaguzi wenye mashine zao hawakuona, mwanao aliona kwa kidole. Alijua, dada. Alijua tangu pale mezani, na angeweza kusema, na kazi yake ingebaki. Alikuja kunipa nafasi nimwambie mwenyewe, nami nikamwambia brashi nimeitupa.

Na bado hicho si kibaya kuliko vyote. Kibaya kuliko vyote unakijua maana ulikuwepo, ila hukujua ulikuwa unaangalia nini. Siku ile uliponiita nije niongee naye kama mjomba, mbele ya mkamwana na wakwe zako na majirani waliojaa mlangoni, nilisimama katikati ya chumba chako, kidole juu. Nilimwambia ameniangusha, nilimwambia jina letu halikuwahi kuandikwa kwenye daftari la kosa mpaka alipokuja yeye, nilimwambia mtu asiyeweza kupima chuma akapime viazi. Watu wakacheka kidogo, nami nikafurahi kwamba wamecheka. Mwanao alikuwa amekaa kwenye kigoda, anaangalia mikono yake. Akasema nimekusikia mjomba, samahani mjomba. Nawe ukalia, ukanishika mkono ukanishukuru kwa kumrudi mwanao. Nilikula kwako siku ile. Nilikula na nikaongezewa.

Nina aibu, dada. Neno hili sijawahi kuliandika, na nimelitazama sana hapa kwenye karatasi. Nilidhani aibu ni laini kusimama.

Jumanne nilikwenda kwa Bi Saa kabla ya king'ora cha asubuhi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana niliogopa nikikaa nitaanza kupamba. Hakupiga kelele. Aliuliza zimebaki ngapi, nikampeleka nyuma ya mapipa, akazihesabu mwenyewe kwa kuzigusa, arobaini. Kisha aliniambia kitu kimoja, kwamba siku ile ya mvua laini ingesimama kwa muda wa saa tano tu, na alikuwa tayari ameagiza mafundi wapewe chai. Nikamkabidhi funguo kumi na saba. Ameniandikia barua ya kuachishwa kazi na ana haki. Mambo ya dereva na sheria yatakuja, nami nitayapokea nikiwa hapahapa. Dereva nilimfuata kwake nikamwomba radhi. Aliangalia miguu yangu yote miwili, akaniambia nifunge mlango nikitoka.

Bi Saa amemwandikia mwenye karakana siku hiyohiyo kwamba daftari la mpimaji lilikuwa kweli kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mwenye karakana anasema arudi wazungumze. Kama atarudi au atakataa ni juu yake, na akikataa asilaumiwe na mtu. Nakuomba uwaite walewale waliokuwepo siku ile, wakwe na majirani, mpaka wale wa mlangoni, wasomewe barua hii katika chumba kilekile. Nikitakiwa nije nisimame pale nilipokuwa nimesimama, nitakuja. Nisipoitwa nitaelewa.

Sasa nakugeukia wewe, mpwa wangu, unayesoma. Nakujua. Ulipofika kwenye pini nane ulitaka kukunja karatasi umwambie mama kwamba mjomba anasalimia tu na mgongo unamsumbua. Kama umeruka mahali, rudi. Msomee yote, pamoja na viazi. Umeninyamazia miezi minne, inatosha. Sikustahili hata siku moja.

Salamu zangu kwa wote, kubwa na ndogo, na yule mdogo mwambieni babu kelele siku hizi ananyamaza. Na ikiwa kuna atakayesema mzee anaropoka, mashahidi wangu ni hawa: Bi Saa aliyezihesabu zile arobaini, Nyapara aliyeninyanyua juu siku ya mvua na jana akapita mbele yangu kama hanijui, dereva wa machimbo na mguu wake. Na wa mwisho ni brashi. Nimeifunga humuhumu kwenye gazeti, buluu yake bado ipo. Dada, mpe mwanao aishike. Yeye atakuambia.

Ni mimi kaka yako,
niliyekuwa Mzee Stoo.